Maboksi Mengi, Ghala Moja: Nani Ataitengeneza Land Rover ya Kisii?

Mwezi wa Januari mwaka 2025 kampuni ya CMC Motors ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake katika Kenya, Uganda na Tanzania. Watu wengi waliisoma habari hiyo kama wasomavyo habari ya kifo cha mtu wa mbali: wakasema pole, kisha wakafunua ukurasa wa pili. Walakini jina la CMC si geni kwa yeyote aliyepata kumiliki, kuendesha, au hata kusukuma Land Rover katika Afrika ya Mashariki. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka gari hilo, au kipuri chake kilicho halali, aliambiwa aende kwao.

Katika milima ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, habari kama hiyo si ya mtu wa mbali hata kidogo. Huko gari la zamani la Kiingereza si pambo la tajiri la kufunikwa turubai na kutolewa siku ya maonyesho. Ni chombo cha kazi. Hubeba ndizi, hubeba mbolea, hupandisha wagonjwa na kuteremsha maharusi. Likikosa kipuri, watu hukosa njia.

Makala haya yanataka kulitazama jambo moja lisilosemwa sana, nalo ni hili: wale wanaouza vipuri vya magari ya zamani ya Kiingereza wanazidi kuwa wachache mwaka hata mwaka, ijapokuwa majina yaliyopigwa chapa juu ya maboksi yamebaki kuwa mengi. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta hudhani anachagua. Kumbe pengine alikwisha kuchaguliwa zamani, na mtu asiyemjua, katika mji asioujua.

Msomaji wa Mombasa au Malindi atauliza: Kisii na sisi wapi na wapi? Jawabu lake ni jepesi. Boksi lile hupita Kilindini kabla ya kufika Kisii. Na chumvi ya bahari inayoila fremu ya gari huku Pwani ni ndugu wa mvua inayoila fremu ya gari kule milimani. Dhiki yao ndiyo dhiki yetu.

GARI LA SERIKALI, GARI LA MISHENI

Land Rover ilionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo waundaji wake waliikata bodi kutoka katika bati la alumini, ambalo lilipatikana kwa urahisi zaidi. Jambo lililofanywa kwa dhiki likageuka kuwa neema: bodi haikushika kutu. Kilichobaki kuoza ni fremu ya chini, ambayo ni ya chuma.

Mwaka huo huo wa 1948 ilianzishwa Nairobi kampuni ya Cooper Motor Corporation, ambayo baadaye watu waliizoea kwa herufi zake tatu, CMC. Na mwaka huo huo tena, mbali huko California, Mmarekani mmoja aitwaye Al Moss alifungua karakana iliyokuja kuwa Moss Motors, mojawapo ya maduka makubwa kabisa duniani ya vipuri vya magari ya zamani ya Kiingereza. Mambo hayo matatu hayakujuana. Lakini yalikuwa yakielekea njia moja.

Kisii ni nchi ya vilima vilivyobanana, udongo mwekundu na mvua isiyokaa mbali. Njia zake za vijijini hupanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne lilikuwa gari la msimu mmoja tu. Ndiyo maana Land Rover ikawa gari la bwana D.C., la polisi, la misheni, la daktari na la afisa wa kilimo. Mtoto aliyekua kule katika miaka ya 1950 na 1960 alilijua kwa mlio kabla ya kuliona. Mlio ule ulimaanisha kodi, au sindano, au habari.

Sisi wa Pwani tusicheke. Lamu, mji wa punda na vichochoro, kwa miaka mingi gari lililojulikana na kila mtu lilikuwa Land Rover ya serikali.

Pamoja na Land Rover lilikuja lori la Bedford, ambalo liliundwa na kampuni ya Vauxhall tangu mwaka 1931. Hilo ndilo lililobeba mizigo. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya iliamua kwamba magari yaunganishwe humu humu nchini badala ya kuletwa mazima. Kiwanda cha Leyland Kenya kikasimama Thika, serikali ikiwa na hisa pamoja na Waingereza na CMC. Kiwanda cha General Motors kikasimama Nairobi na kuunganisha Bedford na Isuzu. Mombasa nayo ikapata kiwanda chake, Associated Vehicle Assemblers. Kwa hiyo Land Rover nyingi zilizopanda milima ya Gusii zamani hizo zilifungwa bolti zake na mikono ya Wakenya. Gari lilikuwa la Kiingereza kwa jina, lakini lilikuwa na jasho letu ndani yake.

SAMAKI MKUBWA HUMLA MDOGO

Ili tufahamu shida ya vipuri leo, hapana budi tuangalie yaliyowapata waliounda magari yenyewe. Hadithi yao ni ya kumezana.

Mwaka 1952 Austin na Morris, waliokuwa mahasimu, waliungana wakawa kampuni moja. Mwaka 1968 kampuni hiyo pamoja na wenzake iliungana na Leyland, ambayo ilikuwa imekwisha kuichukua Rover. Likatokea dubwana lililoitwa British Leyland, lenye majina mengi kuliko faida: Austin, Morris, MG, Triumph, Jaguar, Rover na mengineyo. Mwaka 1975 dubwana hilo lilielemewa, serikali ya Uingereza ikalichukua. Mwaka 1986 lilipewa jina la Rover Group. Mwaka 1988 likauzwa kwa British Aerospace, waunda ndege. Mwaka 1994 likauzwa kwa BMW ya Ujerumani. Mwaka 2000 BMW walichoka wakaligawa: Mini wakabaki nayo, Land Rover wakaiuza kwa Ford ya Marekani, na kilichobaki kikaitwa MG Rover, ambacho kilifilisika mwezi wa Aprili 2005. Mwaka 2008 Ford nao waliziuza Land Rover na Jaguar kwa Tata wa Bara Hindi.

Bedford haikupata bahati hata hiyo. General Motors iliachana na malori hayo, kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka 1987, na aliyekinunua akaanguka mwaka 1992. Huku kwetu General Motors yenyewe iliuza hisa zake za Kenya kwa Isuzu mwaka 2017. Leo mtu mwenye Bedford ana lori lisilo na baba wala mama.

Kila mauzo yalipofanyika kitu kilipotea. Mwenye mali mpya hununua jina, kiwanda na madeni. Haoni sababu ya kutunza kalibu ya kusubia kipuri cha gari lililokoma kuundwa miaka 20 iliyopita. Michoro hutupwa, mashine huuzwa kwa uzito wa chuma, na wazee waliojua kazi hupewa mkono wa kwaheri. Gari liko barabarani Nyamira, lakini kule lilikozaliwa limekwisha kufutwa katika daftari.

WALEZI WA MAYATIMA

Hapo ndipo walipotokea watu wa namna nyingine. Hawaundi magari, huunda au huagiza vipuri vya magari ambayo waundaji wake wameyaacha. Tuwaite walezi wa mayatima.

Mfano wa kwanza ni British Motor Heritage, iliyoanzishwa na Leyland yenyewe mwaka 1975. Kazi yake ilikuwa kuzitafuta kalibu na mashine za zamani na kuzirudisha kazini. Mwaka 1988 ilianza tena kutoa bodi nzima ya MGB, gari ambalo lilikuwa limekoma kuundwa mwaka 1980. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilitoka mikononi mwa BMW ikawa ya watu binafsi.

Mfano wa pili ni karbureta za SU, zilizopumulisha magari mengi ya Kiingereza. Jina hilo na haki zake zilichukuliwa mwaka 1996 na Burlen, kampuni ndogo ya mji wa Salisbury. Burlen imekusanya pia Zenith, Stromberg na Amal, ile karbureta ya pikipiki za BSA na Norton. Karibu kila karbureta ya zamani ya Kiingereza leo ina mlezi mmoja.

Kwa upande wa Land Rover, majina yaliyotapakaa Afrika ni kama Bearmach ya Caerphilly, Wales, na Britpart ya Shropshire, Uingereza. Kwa muda mrefu mafundi waliyalinganisha majina hayo kama wavuvi wanavyolinganisha nyuzi za mshipi: hii ni rahisi lakini hukatika, ile ni ghali lakini hudumu. Ushindani wao ulimsaidia mtu wa chini. Mmoja akipandisha bei, mwingine alikuwapo. Mmoja akileta mpira mbovu, habari ilienea gereji hadi gereji, na mwenzake akapata wateja.

Basi, karibu na mwaka 2020 Bearmach ilianguka, na aliyelichukua jina lake alikuwa Britpart. Majina mawili yakawa chini ya mwamvuli mmoja.

Jambo hilo si la kosa, wala si la siri. Aliyeanguka alihitaji mnunuzi, na mnunuzi alikuwapo. Lakini lina maana kubwa kwa mtu aliye Keroka. Zamani alipokwenda dukani akaona boksi mbili za majina mbalimbali, alikuwa ana uhuru wa kuchagua. Sasa huenda boksi zote mbili zimetoka katika ghala moja, na bei zake zimepangwa juu ya meza moja.

JINA LINAPOBAKI, MTU AKIONDOKA

Kuna jambo la ajabu zaidi, nalo ni maisha ya majina. Chukua jina la Lucas, lililopigwa chapa juu ya taa, dinamo na vitasa vya umeme vya karibu kila gari la Kiingereza. Kampuni hiyo ya Birmingham iliungana na Varity ya Marekani mwaka 1996. Mwaka 1999 ilinunuliwa na TRW, Wamarekani wengine. Mwaka 2015 TRW nayo ikamezwa na ZF ya Ujerumani. Lucas yule wa zamani hayuko. Jina lake lakini bado liko kwenye maboksi, kwa kuwa jina zuri huweza kukodishwa kama nyumba.

Mzee aliyeijua Lucas mwaka 1965 akaiona leo dukani, hujiona amekutana na rafiki wa ujana. Amekutana na kanzu ya rafiki yake, imevaliwa na mtu mwingine. Huenda mtu huyo ni mwema pia, na kazi yake ni safi. Lakini sio yeye.

Zaidi ya hayo, wauzaji wengi wa vipuri hawana viwanda. Huagiza kutoka kwa watengenezaji wa nchi mbalimbali, kisha hutia katika maboksi yao wenyewe. Mtengenezaji mmoja wa sili za mpira aweza kuwauzia wauzaji watatu. Basi siku mpira wake ukiwa mbaya, ubaya huo hutokea katika maboksi matatu kwa pamoja. Mafundi hutupa lawama huku na huku, kumbe chimbuko ni moja. Hebu fikiri mazungumzo kama haya chini ya mwembe, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki:

“Fundi, ile mpira ya breki ya juzi imevuja tena.”

“Mzee, si nilikwambia ile boksi si nzuri? Leo nimekuletea ya kampuni ingine.”

“Boksi ni ingine, nimeona. Lakini hebu ziweke pamoja hizi mbili. Wewe unaona tofauti?”

Fundi huzigeuza mkononi, akazitazama kwa jua, asijibu.

Kule ambako njia ni tambarare, sili ya breki iliyovuja ni usumbufu. Kule ambako njia inateremka ukingo wa Manga, ni roho ya mtu.

KUTOKA KILINDINI HADI KEROKA

Tulifuate boksi moja. Linatoka Uingereza, au siku hizi mara nyingi linapitia Dubai, likashuka Kilindini. Hulipiwa ushuru, likapanda Nairobi, likawekwa katika duka la Kirinyaga Road, mtaa ambao wazee bado wanauita Grogan. Hapo ndipo moyo wa biashara ya spea ulipo. Kutoka hapo huchukuliwa na mwenye duka wa Kisii mjini, kisha hufika Keroka, mji uliokaa mpakani kiasi kwamba kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, zinaudai. Kila mkono ulioligusa umeacha bei yake.

Zamani palikuwa na njia ya pili, fupi zaidi: wakala rasmi. Mtu alikwenda na namba ya kipuri, akahudumiwa, akapewa risiti, na kama kipuri kilikuwa na kasoro alikuwa na mlango wa kubisha. Mlango huo ulifungwa hatua kwa hatua. Kati ya mwaka 2012 na 2013 waundaji wa Land Rover waliinyang’anya CMC uwakala, wakaupeleka kwa kampuni nyingine. Mwaka 2014 CMC yenyewe, iliyokuwa ikitikiswa na ugomvi wa wakurugenzi wake na kusimamishwa katika soko la hisa, ilinunuliwa na jamii ya Al-Futtaim ya Dubai kwa shilingi 13 kila hisa. Sisi wa Pwani tulilipokea jina hilo kwa uzoefu. Biashara yetu na Ghuba ni ya karne na karne. Ikageukia zaidi matrekta na zana za kilimo. Mwishowe likaja lile tangazo la Januari 2025.

Land Rover mpya zinauzwa bado, na wanaoziuza wana maduka mazuri ya vioo. Waundaji nao wamefungua kitengo cha magari yao ya zamani, chenye karakana kubwa mjini Coventry tangu mwaka 2017. Lakini kazi ya kitengo hicho ni kumrudishia tajiri gari lake likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Mkulima wa Nyansiongo hataki gari lake ling’ae. Anataka lifike.

Tena kufika kwenyewe kuna saa yake. Nyamira ni nchi ya chai: Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, yote ni majina ya viwanda vya wakulima wadogo. Jani la chai likichumwa halisubiri. Likirundikwa kwenye gunia hupata joto, likawa jekundu, na kiwanda kikalikataa. Hafushafti ikikatika saa nane mchana katika tope, chai ya wachumaji wa siku nzima imo hatarini. Mama aliyeinama shambani tangu alfajiri hajui Shropshire iko wapi. Lakini bei iliyopangwa kule imemfikia mgongoni.

Wala gari jingine la namna ile halipatikani kwa wepesi. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8. Land Rover ya zamani iliyoundwa kwa mtindo ule wa awali iliondolewa kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Basi zilizopo ndizo zilizopo. Kila moja inayolala chini ya mti kwa kukosa kipuri imepunguza hesabu.

MASHINE YA KUKEREZA

Je, Kisii imekaa kimya? La hasha. Gusii ni nchi ya mafundi tangu zamani. Watu waliochonga mawe ya Tabaka hata yakasafiri dunia nzima hawawezi kushindwa na bushi ya springi. Katika karakana za jua kali chuma cha gari bovu hukerezwa kikawa kipuri cha gari zima. Fremu iliyooza hukatwa, ikaungwa kwa chuma kipya. Springi hupigwa upya motoni. Bati la alumini hunyooshwa kwa nyundo ya mbao.

Msomaji wa Pwani anaijua kazi hiyo kwa jina jingine. Ndiyo kazi ya seremala wa jahazi kule Lamu na Matondoni. Seremala haagizi mbavu ya chombo kutoka kiwandani. Huutazama mti wenye pindo lifaalo, akaukata. Jahazi halifi kwa sababu kampuni imefilisika Ulaya. Hufa siku seremala wa mwisho alipokufa bila kufunza.

Lakini tusijidanganye. Yako mambo ambayo mashine ya kukereza haiyawezi. Haitengenezi mpira unaostahimili mafuta ya breki. Haitengenezi beringi. Haitengenezi giaboksi yenye meno yaliyochomwa kwa kipimo. Hapo fundi hurudi kwenye boksi lile lile. Akikosa, hutafuta njia nyingine: huing’oa injini ya Kiingereza akatia ya Toyota au Isuzu. Gari linatembea, na mwenyewe anashukuru. Vipuri vya Kijapani vimejaa kila duka. Baada ya miaka kadhaa Land Rover inabaki kuwa Land Rover kwa bati na jina tu, kama lile boksi la Lucas.

Wako watakaosema: basi na ife, zama zake zimekwisha. Pengine. Lakini mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha Land Rover mamia kwa mamia kwa ajili ya kuvunja rekodi ya Wajerumani. Wenye magari hayo hawakuwa watalii peke yao. Walikuwamo watu wa kazi, waliokuja na magari ya kazi. Kitu kinachopendwa na watu namna hiyo hakijafa bado.

SHERIA NA INSAFU

Katika mafundisho ya biashara tuliyolelewa nayo, kuhodhi bidhaa wanayoihitaji watu ili bei ipande huitwa ihtikari, na wanachuoni wameikemea. Lakini wanachuoni hao hao waliangalia nia na madhara. Mtu aliyeokoa kalibu ya zamani isiuzwe kwa uzito wa chuma hakuhodhi; ametunza. Bila Burlen karbureta nyingi za zamani zingekuwa hazina hata sindano mpya. Bila mnunuzi, jina la Bearmach lingezikwa pamoja na orodha zake za vipuri. Kuwa mmoja si kosa. Kosa huanza pale aliyebaki peke yake anapojua kwamba mnunuzi hana pa kwenda, akaacha kuogopa.

Kenya ina sheria ya ushindani ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2011, na mamlaka yake ya kuangalia makampuni yanayoungana. Nchi za COMESA nazo zina tume yao, yenye makao Lilongwe, iliyoanza kazi mwaka 2013. Ni vyombo vyema. Lakini kampuni mbili za Uingereza zinazoungana kwa ajili ya vipuri vya magari ya miaka 50 iliyopita ni vumbi dogo mno machoni pa vyombo hivyo. Haitatokea siku Lilongwe ikaketi kwa ajili ya sili ya Land Rover ya Nyamira. Anayengojea hilo atangoja sana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo kinga iko karibu zaidi, nayo ni ya namna tatu.

Kwanza ni ujuzi wa namba. Kila kipuri cha Land Rover kina namba yake ya asili, nayo haibadiliki hata jina la boksi likibadilika mara 10. Fundi anayeijua namba, na anayeandika katika daftari boksi gani lilidumu miezi mingapi, hadanganywi na rangi. Madaftari ya mafundi 10 yakiwekwa pamoja ni elimu kubwa kuliko tangazo lolote.

Pili ni kununua kwa pamoja. Watu wa Gusii wanaujua ushirika. Kahawa yao na chai yao imelelewa na ushirikiano wa wadogo. Wenye magari 30 wakiagiza sili, beringi na hafushafti kwa mkupuo mmoja, wanaweza kuzungumza na ghala lenyewe badala ya mtu wa tano katika mnyororo. Mwuzaji aliye peke yake humheshimu mnunuzi asiye peke yake.

Tatu ni kufunza. Kisii ina chuo chake kikubwa cha ufundi, Kisii National Polytechnic, kilichojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology. Mombasa ina chake. Vijana wa vyuo hivi wakifunzwa kupima kipuri cha zamani, kukichora na kukikereza kwa kipimo halali, sio kwa kubahatisha, tutakuwa na kalibu zetu wenyewe. Nani aliyesema kwamba kalibu ya gari lililoungwa Thika lazima ikae Uingereza?

Magari haya tuliletewa, tukayafanyia kazi, tukayazeesha na kuyatengeneza. Wenye viwanda wamekwisha kuuziana mara nyingi hata wao wenyewe hawakumbuki nani alikuwa wa kwanza. Waliobaki nayo ni mkulima na fundi. Siku ghala la mwisho litakapofunga mlango wake kule ng’ambo, atakayeulizwa kama gari litatembea kesho asubuhi ni yule aliye chini ya mwembe, na jibu lake litategemea alichofunzwa leo.